Hita ya Gari la Zamani Inapovuja: Kulehemu, Kuruka, Kununua Mpya au Kutia Dawa?

Mwenye Land Rover, Peugeot 504 au Mercedes ya miaka ya 1970 hapa Tanga anapokuta zulia la chini ya dashibodi limelowa, na kioo cha mbele kina utando wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, fundi wa kwanza atakayemwonyesha huenda akamwambia, "Mzee, hii tuiruke tu, Tanga hakuna baridi." Ushauri huo hautolewi kwa nia mbaya, na yapo magari ambayo kwayo ni ushauri sahihi. Hata hivyo, kuruka ni njia moja kati ya nne. Mwenye gari anaweza kulehemu rejeta ndogo iliyomo ndani ya hita, anaweza kuiruka kwa kuunganisha mipira ya maji, anaweza kununua nyingine, au anaweza kutia dawa ya kuziba kwenye maji ya rejeta. Niseme mapema ninakosimama ili msomaji apime hoja zangu anapozisoma: gari la zamani lenye rejeta ya shaba, ambalo hita yake inafikika bila kubomoa dashibodi, linastahili kulehemiwa, na kuruka kubaki kuwa hatua ya muda au suluhisho la gari lisilotoka mjini.

Msingi wa ulinganisho huu ni kwamba hita haiko mbali na injini. Maji ya moto hutoka kwenye silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), hupita kwenye koki na mpira, huingia katika rejeta ndogo iliyo ndani ya kasha lenye feni, kisha hurudi kwenye pampu ya maji. Kinachomwagika kwenye zulia ni maji yaleyale yanayopoza injini, na gari linalopoteza maji kidogo kidogo bila dereva kujua ndilo linalochemka njiani na kuunguza gasketi ya hedi. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kuwasha hita yake tangu aliponunua gari hana budi kulishughulikia tatizo hili. (Volkswagen ya zamani yenye injini ya nyuma haimo katika mjadala huu, kwa sababu injini yake hupozwa kwa hewa na hita yake haina maji.)

Kwanza, ni hita kweli?

Kabla ya kuchagua njia ni lazima kujua maji yanatoka wapi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wakati wa masika, Land Rover za mifululizo ya zamani huingiza maji ya mvua kupitia vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, kwa kuwa mipira yake hukauka na kupasuka kwa jua. Maji hayo huteremka nyuma ya dashibodi na kutua pale pale ambapo maji ya hita yangetua. Njia rahisi ya kutofautisha ni kulikausha gari, kulaza gazeti chini ya dashibodi siku isiyo na mvua, kuwasha injini hadi ipate moto, na kutazama. Kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini) huteleza kidoleni, huwa na rangi, na mvuke wake una harufu tamu. Isionjwe kamwe, kwani ethilini glaikoli iliyomo ni sumu ingawa ina utamu, na kwa sababu hiyo hiyo chombo chenye kulanti kuukuu kisiachwe wazi mahali wanapofika watoto au paka. Kama gari limejazwa maji matupu, jambo la kawaida sana mjini kwetu, rangi na harufu havitasaidia, na itabidi kutegemea kiwango cha maji: kipimwe asubuhi injini ikiwa baridi, kisha kipimwe tena asubuhi inayofuata.

Ikithibitika kwamba maji ni ya injini, bado rejeta ndogo isihukumiwe. Ukaguzi uanze na klipu, ufuate mipira, kisha koki, kisha mahali mipira inapovalia vibomba vya kasha, na rejeta yenyewe iwe ya mwisho. Koki ndiyo inayodanganya watu wengi. Katika hali ya hewa ya Tanga hakuna anayeigusa kwa miaka, kizibo cha ndani cha shina lake hukauka, na siku inapoguswa huanza kutona. Maji hayo husafiri juu ya mpira hadi ndani ya kabini, na mtu akiyaona huko huamini kwamba hita imetoboka. Koki hubadilishwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo.

Gereji yenye pampu ya kupimia presha itamaliza shaka haraka, kwa kuwa mfumo hupandishwa hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, ambayo kwa magari mengi ya umri huo ni kati ya paundi 7 na 15 kwa inchi ya mraba, na injini ikiwa baridi uvujaji huonekana bila mtu kuungua. Pasipo pampu hiyo, kuruka kwa muda ni kipimo kizuri. Hita ikiondolewa kwenye mzunguko na maji yakaacha kupungua, mkosaji amejulikana. Maji yakiendelea kupungua huku zulia limekauka, basi shida iko kwenye pampu ya maji, kwenye rejeta kubwa au kwenye gasketi ya hedi, na hakuna njia yoyote ya kutengeneza hita itakayoiponya. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani chini ya presha ya paundi 10 maji hayachemki hadi yafikie karibu nyuzi 115 za Selsiasi, na presha ikiachiwa ghafla hulipuka kuwa mvuke.

Kuruka dhidi ya kulehemu

Kuruka kunavutia kwa sababu ni rahisi na ni kwa haraka, na faida hizo mbili ni za kweli. Mpira unaotoka kwenye silinda hedi huunganishwa na ule unaorudi kwenye pampu, kwa kipande cha bomba la shaba chenye kipenyo sawa na klipu mbili, na gari hutembea siku hiyo hiyo. Kiungo cha plastiki cha bomba la bustani kisitumike, kwa kuwa hulainika kwa joto na huachia mpira gari likiwa mlimani.

Tatizo ni kwamba kuruka hufanywa vibaya mara nyingi kuliko kunavyofanywa vizuri. Nimeona mipira iliyozibwa kwa bolti iliyosukumwa ndani na kukazwa kwa klipu, na sina budi kueleza kwa nini hilo linaweza kuiumiza injini. Wakati termostati (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kubwa kulingana na joto) imefungwa, injini nyingi huhitaji njia ya pembeni ya kuzungushia maji, na katika baadhi yake njia hiyo ni mzunguko wa hita. Ikizibwa, maji husimama, joto hukusanyika sehemu moja ya hedi, na termostati huchelewa kulisikia. Kanuni ninayoiamini ni hii: kama gari lilitoka kiwandani na koki inayofunga maji ya hita kabisa, injini haikutegemea mzunguko huo, na kuziba kunavumilika; lakini kama maji ya hita yalikuwa yakizunguka wakati wote, mipira iunganishwe na isizibwe. Asiyejua gari lake liko upande gani aunganishe.

Jambo la pili ambalo anayeruka hulisahau ni rejeta ndogo inayobaki ndani ya kasha. Ikiachwa nusu tupu, mabaki ya maji na hewa huila kutoka ndani, na baada ya miaka michache haitakuwa na kitu cha kulehemu. Aliyeamua kuruka aisuuze kwa maji safi, aipulize hadi ikauke, na azibe vibomba vyake viwili kwa vifuniko vya mpira. Kazi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayohifadhi uwezekano wa kurudisha hita siku nyingine.

Je, kuna haja ya kuirudisha? Anayeendesha kati ya Raskazone, Chumbageni na Ngamiani, na mara moja moja Pangani, hana haja kubwa, nami sitamshawishi vinginevyo. Hali hubadilika kwa mtu mwenye ndugu au shughuli Lushoto au Amani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya kilomita zipatazo 33, na katika urefu huo gari hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, kwa gia ya chini na injini ikivuta. Huko hita hufanya kazi mbili ambazo hazihusiani na baridi ya miguu. Ya kwanza ni kuondoa ukungu ndani ya kioo cha mbele, hasa Juni na Julai, na nyakati za mvua abiria wanapoingia na nguo zilizolowa. Ya pili ni kuokoa injini: sindano ya joto inapopanda, dereva akifungua koki ya hita na kuwasha feni kwa kasi yote, anakuwa ameongeza rejeta ya pili inayotoa joto, na mara nyingi hilo hutosha kumfikisha mahali pa kuegesha salama. Aliyeruka hita amejinyima nafasi hiyo, na mlimani ndiko itakakohitajika.

Kulehemu, kwa upande wake, hudai kazi zaidi na fundi anayejua. Rejeta ndogo za magari hayo nyingi zilitengenezwa kwa shaba, mirija ikiwa ya shaba ya manjano na mapezi ya shaba nyekundu, na viungo vyake vililehemiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati tangu kiwandani. Lehemu ya namna hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, wakati shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na pengo hilo kubwa ndilo linalofanya kazi iwezekane tena na tena. Alumini haimo katika habari hii, kwa kuwa ngozi ya oksaidi iliyo juu yake huikataa lehemu ya kawaida. Ili kujua ni ipi, ukwangue kidogo upande usioonekana: shaba itang'aa manjano au nyekundu, na alumini itakuwa nyeupe.

Kazi nzuri ina dalili zake. Mipira iliyogandamana na vibomba hukatwa kwa urefu na kuchanuliwa, haisokotwi, kwa sababu kuisokota ndiko kunakovunja kibomba kwenye kiungo na kuzaa tundu la pili. Rejeta husuuzwa kwa kurudisha maji kinyume na mkondo wake wa kawaida, kwa presha ndogo. Kisha huzamishwa katika beseni, kibomba kimoja kikiwa kimezibwa, na hupulizwa upepo usiozidi presha ya kifuniko cha rejeta, ili mapovu yaonyeshe tundu lilipo. Sehemu hiyo husuguliwa hadi ing'ae, hupakwa tindikali ya kulehemia, hupashwa kwa moto mdogo na kutiwa lehemu, halafu rejeta huzamishwa tena. Moto mkali huyeyusha viungo vya jirani, na hapo fundi hufuata uvujaji mmoja baada ya mwingine mchana kutwa. Swali la kumuuliza kabla ya kumkabidhi kazi ni moja tu: "Fundi, utaipima ndani ya maji kabla na baada?" Anayesita kulijibu hajawa fundi rejeta. Kazi ifanyike nje penye upepo na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu.

Kulehemu kuna mipaka. Tundu kwenye kiungo cha kibomba au kwenye mshono wa tangi hutengenezeka vizuri sana na hudumu. Mrija mmoja uliotoboka katikati ya mapezi unaweza kuzibwa ncha zote mbili, na hita ikapoteza joto kidogo tu. Lakini unga wa kijani ukionekana sehemu nyingi, na mapovu yakitoka kila pembe, chuma chenyewe kimekwisha, na lehemu itashika leo na kuachia kwingine kesho. Katika hali hiyo mwenye gari aache kulipia kulehemu. Gundi za vyuma za kuchanganya nazisema vibaya bila kusita: hazitanuki sawa na shaba, na baada ya kupata moto na kupoa mara nyingi hubanduka.

Kununua nyingine

Uamuzi wa kununua hutegemea kwanza mahali hita ilipokaa. Katika Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, kasha la hita hufikika kutoka chini ya boneti, hivyo kulehemu kukishindwa, kurudia si msiba. Katika Mercedes W123 rejeta ya hita imefukiwa chini ya dashibodi, na kuifikia ni kuivua dashibodi. Aliyekwisha fika huko asirudishe rejeta kuukuu yenye shaka, hata kama kulehemu kungekuwa bure, kwa sababu gharama kubwa ni ya kufungua na kufunga. Hii ndiyo hali ambayo naona mpya inaizidi lehemu bila ubishi.

Upatikanaji haulingani. Spea za Land Rover bado zinatengenezwa na viwanda vingi, na huagizwa Dar es Salaam au huletwa kutoka Mombasa kupitia Horohoro. Kwa magari mengine, inafaa zaidi kubeba rejeta kuukuu mkononi, kupima urefu, upana, unene, upande vinapotokea vibomba na kipenyo chake, na kutafuta inayolingana kutoka gari jingine. Fundi rejeta hodari anaweza pia kukata kiini kizima cha rejeta nyingine ya shaba na kukiunganisha na matangi ya zamani, na matokeo yake huwa mazuri kuliko mpya ya bei rahisi.

Mpya nyingi za leo ni za alumini, na hapa maji ya Tanga yanaingia katika hesabu. Maji ya bomba ya mji hutoka kwenye bwawa la Mabayani katika mto Zigi, lakini nyumba nyingi hutumia pia visima. Ardhi ya pwani hii ina mawe ya chokaa, kama Mapango ya Amboni yanavyoonyesha, na visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi. Chokaa hujenga magamba ndani ya mirija, na chumvi huila alumini haraka, hasa inapokuwa katika mzunguko mmoja na shaba ya rejeta kubwa na chuma cha injini. Kwa hiyo alumini ni chaguo zuri kwa mtu atakayetia kulanti wakati wote, na ni chaguo baya kwa gari linaloongezewa maji ya kisima kila yanapopungua. Kwa gari la namna hiyo, shaba iliyolehemiwa itaishi zaidi ya alumini mpya.

Dawa ya kuziba

Dawa nyingi za dukani huwa na silikati ya sodiamu au chembe laini zinazoganda penye tundu. Huziba kweli matundu madogo, lakini hazichagui, na mirija ya hita ndiyo myembamba kuliko yote katika mfumo, hivyo hita huwa ya kwanza kuziba kabisa. Yai na pilipili manga, tiba za barabarani, zina kasoro hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Naikubali dawa kwa aliyekwama kati ya Muheza na Korogwe bila bomba la kurukia, afike mjini, kisha mfumo wote usuuzwe.

Kulinganisha kwa gari lako

Land Rover ya shamba la mkonge au ya mtu anayepanda Usambara, yenye tundu kwenye kiungo: kulehemu. Gari hilo hilo, likiwa la mjini tu na bajeti ni ndogo: kuruka kwa kuunganisha, na rejeta ihifadhiwe kavu. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zikaguliwe kwa uangalifu, kwani baadhi zina hita ya pili nyuma, na inawezekana kuruka ya nyuma na kubaki na ya mbele, jambo ambalo naliona kuwa suluhu bora kwa gari hilo. Mercedes iliyofunguliwa dashibodi: mpya. Gari linalorejeshwa katika hali yake ya asili, ambalo mwenyewe anataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani: kulehemu au kubadilishiwa kiini cha shaba, hata kama mpya ya alumini inapatikana. Kwa njia yoyote, zulia livuliwe na sakafu ikaushwe, kwani Land Rover ina bodi ya alumini lakini ukuta ulio kati ya injini na kabini ni wa chuma, na unyevu uliofunikwa na zulia katika hewa ya bahari hautauacha.

Kujaza upya kunahitaji subira. Itumike kulanti yenye maandishi yanayosema inafaa shaba na lehemu, kwa sababu baadhi ya kulanti za kisasa zimekusudiwa injini za alumini. Ichanganywe kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chombo na maji yasiyo na chokaa wala chumvi. Ya mvua yaliyochujwa yanafaa. Pua ya gari iinuliwe kwenye mteremko, koki ya hita ifunguliwe yote, injini iwashwe ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, na maji yaongezwe kadiri hewa inavyotoka, hadi mpira wa juu wa rejeta upate moto ghafla, dalili kwamba termostati imefunguka. Kifuniko kifungwe, gari liende Muheza na kurudi, liachwe lipoe hadi kesho yake. Ndipo klipu zikazwe tena, kwa kuwa mpira mpya hulainika na kukaa baada ya kupata moto mara ya kwanza, na kiwango cha maji kitazamwe upya.